Lastiki Niliyoishona Mwenyewe

Usiku ule mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu tangu magharibi, na mimi nilifurahi. Nilidhani mdogo wangu hakunywa maji mengi, na kwa uchovu niliokuwa nao, kukosa cha kumwaga kulikuwa ahueni. Ilikuwa wiki ya tatu tangu aruhusiwe kutoka hospitali.

Saa nane usiku akaniita. "Dada, kichwa."

Nikawasha tochi ya simu. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, matone yanashuka kwenye nyusi mpaka kwenye mto, macho mekundu, anapumulia mdomo kwa sababu pua zote mbili zimeziba. Kichwa kinagonga kama kinu, akasema. Nikamshika mguu. Ulikuwa wa baridi, mkavu, vinyweleo vimesimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mtu mmoja huyo huyo, juu anaungua na chini ana baridi ya alfajiri ya masika.

Nikafanya kile ambacho kila mtu kwetu hufanya mgonjwa akizidiwa. Nikamtoa mto, nikamlaza chali vizuri, nikamkanda paji kwa kitambaa cha maji. Akazidi kulia.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Mabatini, Mwanza, juu kabisa, huko ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe na gari halifiki. Vijana wanne wa jirani walimweka kwenye blanketi, kila mmoja akashika pembe yake, wakateremka naye jiwe kwa jiwe mpaka barabarani tulikopata bajaji. Nilikuwa nyuma yao nimebeba ule mfuko mtupu.

Kituo tulichofika sitakitaja. Walipima malaria, hakuna. Wakapima presha: 190 kwa 110. Mapigo ya moyo yalikuwa 50 kwa dakika. Kijana wa miaka 26. Aliyekuwa zamu alitikisa kichwa, akampa vidonge vya maumivu, akasema alale chali apumzike, asubuhi wataangalia tena. Alipolazwa tu, mdogo wangu akasema anaona vimulimuli.

Aliyemwokoa hakuwa hata wa chumba kile. Alikuwa muuguzi mtu mzima wa wodi ya wazazi, alikuja kuazima glavu. Alisimama mlangoni, akamtazama, akaniuliza, "Huyu amepooza?" Ndiyo. "Ana mpira wa mkojo?" Ndiyo. "Mara ya mwisho mkojo umeuona lini?"

Hakungoja jibu. Alifunua shuka. Nilikuwa nimemshonea mdogo wangu bukta za kitambaa laini, na miguuni nikatia lastiki ili zisipande juu tunapomgeuza. Lastiki ya mguu wa kulia ilikuwa imeuminya mpira, ukawa bapa kama utepe. Muuguzi akachukua mkasi, akaikata. "Mkalisheni! Miguu ining'inie!" Mkojo ukaanza kutiririka, na mfuko ukaendelea kujaa mpaka ukakaribia lita moja. Baada ya dakika tano presha ilikuwa 150. Baada ya dakika kumi nyingine, 118. Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa jasho lilikuwa limekauka na mdogo wangu anaomba uji.

Pale sikulia. Nililia nyumbani, nilipoitazama ile bukta iliyokatwa. Mshono wake ulikuwa umenyooka, mzuri.

Ajali ilitokea Machi 2021, barabara ya Musoma, pande za Nyakato, akiwa na bodaboda yake. Sitaieleza zaidi ya hapo. Pingili ya nne ya kifua ilivunjika ikauharibu ugwe, ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mikono ilibaki mizima. Kuanzia usawa wa chuchu kushuka chini, hasikii na hatikisiki. Tulipoambiwa hivyo, sisi ndugu tulifikiria miguu. Mama alilia miguu, shangazi walilia miguu, mimi nililia miguu. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na dawa mbili na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyetuambia kwamba katika yote yaliyokatika siku ile, miguu ingekuwa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa mazoezi tiba aliyekuja nyumbani wiki iliyofuata. Alipanda mawe yale yote na begi lake, akafika anahema, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu. Nilimsimulia usiku ule. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama cherehani ni ya mguu au ya umeme.

"Ya mguu, mama."

"Ukitaka kupunguza mwendo unafanyaje?"

"Naweka kiganja kwenye gurudumu."

"Basi na moyo ni hivyo hivyo."

Akaniambia kwamba moyo una kianzio chake chenyewe. Ukiachwa bila kuguswa na mshipa wowote wa fahamu utaendelea kupiga, kama mara 100 kwa dakika. Wengi wetu tukiwa tumetulia mapigo yetu ni kati ya 60 na 80, kwa kuwa kuna kiganja kwenye gurudumu usiku na mchana. Kiganja hicho ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Mishipa ya fahamu inayoendesha mwili bila sisi kuamua ina pande mbili, na vagasi ni wa upande wa parasimpathetiki, unaotuliza. Unatoka kwenye shina la ubongo, unapita shingoni, unashuka kifuani hadi tumboni. Haupiti ndani ya uti wa mgongo. Nilimwomba anirudie hapo. Haupiti, akasema, kwa hiyo ajali haikuugusa.

Mguu wa cherehani ndio upande wa pili, simpathetiki. Huu ndio unaokaza mishipa ya damu, unaoharakisha moyo, unaotoa jasho na kusimamisha vinyweleo. Nyuzi zake hutoka kwenye ugwe, kuanzia pingili ya kwanza ya kifua mpaka ya pili ya kiuno. Kwa mdogo wangu, nyingi ya nyuzi hizo ziko chini ya jeraha. Nikamuuliza kama zimekufa.

"Hazijafa. Ziko hai na zinafanya kazi. Zimekosa msimamizi."

Neno hilo lilinikaa. Kwa wiki zote zile nilikuwa namwosha, namgeuza, namvisha, huku moyoni nikijua kwamba kuanzia kifuani kushuka ni mwili uliokwisha. Kumbe ulikuwa unasema. Usiku ule ulipiga kelele, na mimi nikaukanda paji la uso.

Akanieleza hatua kwa hatua, kidole chake kikitembea kwenye mgongo wangu mwenyewe. Kibofu kilijaa kikavutika. Habari ikapanda kwenye ugwe, ikafika kwenye jeraha, ikakwama. Ndiyo maana mdogo wangu hakusema kibofu kinauma. Lakini njiani habari ile iliziamsha nyuzi za simpathetiki za tumboni na miguuni, zikakaza mishipa ya damu. Ile ndiyo baridi ya mguu niliyoishika. Tumboni kuna mishipa mingi sana ya damu, na ikikazwa yote kwa pamoja damu haina pa kwenda ila juu. Shingoni, na kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kuna vihisio vya presha. Hivyo vilipeleka taarifa kwenye shina la ubongo kwa njia ambayo ni nzima. Ubongo ukatoa amri mbili. Ya kwanza, moyo upunguze mwendo, ilishuka na vagasi ikafika, ndiyo yale mapigo 50. Ya pili, mishipa iliyokaza ilegezwe, ilipaswa kushuka kwa ugwe. Ikaishia pingili ya nne. Juu ya jeraha mishipa ilitanuka, uso ukawaka, pua ikaziba. Chini hakuna kilichosikika.

Jina lake ni disrefleksia ya otonomiki, yaani kuvurugika kwa mishipa hiyo ya fahamu inayojiendesha yenyewe. Huwapata hasa walioumia pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, kuelekea shingoni, na isiposhughulikiwa huweza kupasua mshipa kichwani. Nami nilimlaza chali. Mtu aliyekaa, damu yake hushuka kwenda miguuni na presha ya kichwani hupungua. Mtu aliyelazwa, tunamnyima hata msaada huo mdogo.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni kwamba presha ya kawaida ya mtu mwenye jeraha kama lile huwa ya chini. Ya mdogo wangu ni 95 kwa 60. Ndiyo maana 140, ambayo kwa Mama ni siku njema, kwake ni hatari. Anayeisoma bila kumjua atasema haijapanda sana.

Baadaye nilisoma kwenye simu, usiku, wakati nangoja kengele ya kumgeuza. Jambo hili si geni. Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, na mwaka 1944 akaanzisha wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Mwaka 1947 yeye na mwenzake Whitteridge walichapisha maelezo ya jinsi kujaa kwa kibofu kunavyopandisha presha ya wagonjwa hao. Mwaka uliofuata alianzisha pale michezo ya watu wa vitimwendo, hiyo ndiyo iliyokua ikawa Paralimpiki. Nilihesabu miaka kutoka 1947 hadi usiku wetu, nikapata 74. Nilikasirika na bado nina hasira. Simkasirikii yule kijana wa zamu, naye hakufundishwa. Nakasirika kwamba maarifa ya miaka 74 yalitufikia kwa bahati, kwa sababu mtu alikuja kuazima glavu.

Siku za mwanzo hospitalini ilikuwa kinyume kabisa, na hilo nililielewa baadaye. Kila walipojaribu kumkalisha alizimia. Presha ilishuka mpaka haisomeki vizuri. Mimi na wewe tukisimama, damu hutaka kuteremkia miguuni, na kabla hatujajua lolote simpathetiki imeshakaza mishipa ya chini na kuirudisha juu. Hatuambiwi na hatushukuru. Yeye amri ile haikushuka, basi damu ikakaa chini na kichwa kikabaki kitupu. Mtaalamu alisema afungwe tumbo kwa mkanda maalumu kabla ya kukalishwa, ila mkanda wenyewe haukupatikana. Mama, ambaye ametoka Ukerewe na mfuko wa udaga na michembe, akauliza, "Kufungwa tumbo tu?" Akachukua kanga, akaikunja mara tatu, akamfunga mwanawe mkaja kama alivyofungwa yeye alipomzaa. Siku hiyo alikaa dakika kumi na tano. Mtaalamu alipokuja akaukagua, akasema usibadilishwe.

Joto ndilo lililotutesa kuliko nilivyotegemea. Chumba chetu kilikuwa cha bati lisilo na dari, na bati la Mabatini mchana likishirikiana na yale mawe yanayohifadhi joto, ni tanuri. Mdogo wangu alikuwa anapanda mpaka nyuzi 38 na nusu. Mara tatu tulikimbilia kupima malaria, mara zote hakuna. Ubongoni kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi inayoshika kipimo cha joto la mwili. Yake ni nzima na ilikuwa inatoa amri ya jasho, lakini jasho lilitoka usoni, shingoni na mabegani tu, na eneo hilo dogo haliwezi kupoza mwili mzima. Sisi tukawa jasho lake. Kuanzia saa tano tunamtoa nje, kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, ambacho hukaa mpaka kama saa saba, tunampangusa miguu na tumbo kwa maji na kumpepea. Upepo wa ziwa ukivuma, dakika kumi na tano zinatosha. Na asubuhi za mvua tunafanya kinyume, soksi na blanketi, maana chini ya kifua hatetemeki na baridi inamwingia bila yeye kusema.

Ule mpira wa kudumu tuliuacha baada ya miezi miwili. Alifundishwa kujipitishia mwenyewe mpira mdogo, anatoa mkojo, anautoa mpira: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kipimo ni kwamba kila mara usizidi mililita 500. Ukizidi, ama anywe kidogo kidogo ama asogeze saa. Tulikuwa na daftari. Ukilisoma leo utaona siku tulizokula tikitimaji.

Tumbo lilinishangaza kwa wema wake. Utumbo una chembe zake za fahamu zaidi ya milioni mia moja, zinaendesha usagaji na usukumaji bila kungoja ubongo, na vagasi inafika hadi sehemu kubwa ya utumbo. Kwa hiyo chakula chake kilisagika vilevile. Kilichopotea ni kusikia na kuamua, lile la mwisho la mlangoni. Yule mama wa mazoezi alitufundisha kutumia kitu ambacho kila mzazi amekiona kwa mtoto mchanga: tumbo la juu likijaa, utumbo wa chini husukuma. Uji wa ulezi wa moto saa moja asubuhi, na nusu saa baadaye tunamkalisha kwenye kiti tulichokitoboa. Kila siku saa ile ile. Wiki ya tatu mwili ulishika, hatukuhitaji tena pampasi za mchana. Mdogo wangu aliposema, "Dada, leo naweza kwenda kanisani," nilielewa maana ya wiki tatu zile.

Ushonaji wangu ulibadilika. Suruali zake hazina mifuko ya nyuma wala mshono mnene makalioni, kwa sababu mshono ukikaliwa kwa muda wa saa nne na mtu asiyesikia unatengeneza kidonda, na kidonda nacho kinaweza kupandisha presha kama kibofu. Kiunoni natia kamba ya kufunga badala ya lastiki. Zipu naifanya ndefu ili ajipitishie mpira bila kuvua. Sasa nawashonea na wengine wanne, wawili wa Igoma, mmoja Kisesa, mmoja anatoka Sengerema. Wote nawauliza swali moja kabla sijashika futi: pingili ya ngapi? Waliojibu sita au juu ya hapo, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelezwa nilichoelezwa mimi karibu na cherehani.

Ndiyo sababu naandika. Kama nyumbani kwenu yuko mtu aliyeumia uti wa mgongo kifuani juu au shingoni, na ghafla kichwa kinamgonga, uso unatoka jasho, pua imeziba: mkalishe. Miguu ishuke. Legeza kila kinachobana, mkanda, soksi, lastiki, kiatu. Tazama mpira wa mkojo umejikunja wapi. Kama hana mpira, kibofu kitolewe mkojo. Halafu haja kubwa, halafu ngozi na kucha. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache. Isiposhuka mpeleke hospitali akiwa amekaa, na useme kwa mdomo wako presha yake ya kawaida ni ngapi, usingoje kuulizwa. Mimi nimeyatarizi maneno hayo kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, kimening'inia nyuma ya kitimwendo chake.

Kucha nimezitaja kwa sababu zilitusumbua siku tatu. Jasho dogo la usoni linakuja na kuondoka, kibofu kitupu, haja sawa. Siku ya tatu Mama anamkata kucha, akakuta ukucha wa kidole gumba cha mguu umezama kwenye nyama, pembeni pamevimba. Kidole ambacho mwenyewe hakukisikia kilikuwa kinabisha hodi siku tatu.

Tulihama kule juu mwaka jana. Sasa tuna vyumba viwili Kirumba, tambarare, karibu na barabara iendayo Mwaloni, na kitimwendo kinatoka mlangoni bila kubebwa. Mdogo wangu anatengeneza simu. Daftari la mkojo hatuandiki tena. Mwili wake umejifunza njia nyingine ya kumwambia, au yeye ndiye amejifunza kuusikia: kibofu kikianza kujaa, kabla ya kichwa na kabla ya jasho, pua inaziba kidogo na vinyweleo vya mikono vinasisimka.

Jioni huwa anacheza drafti chini ya mwembe na wazee waliostaafu uvuvi, kwa visoda, upande mmoja vimefunikwa na mwingine vimefunuliwa. Juzi nilikuwa napita na nyuzi nilizotoka kununua. Amebakiza kete nne, na zamu ni yake. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Pua?" mzee akauliza.

"Pua."

Mzee akatandaza kiganja juu ya ubao, watoto wasije wakapangua kete, na mdogo wangu akageuza kitimwendo kuelekea ndani.